GDB Ilivyofundishwa RISC-V

Mei 2017 kompaila ya GCC, toleo la 7, ilitoka ikiwa na uwezo wa kuandika msimbo wa prosesa za RISC-V. Januari 2018 kerneli ya Linux 4.15 ikaja ikiijua RISC-V, mwezi uliofuata ikatoka maktaba ya glibc 2.27, na kampuni ya SiFive ikatangaza HiFive Unleashed, bodi iliyoweza kuendesha Linux kamili juu ya prosesa hiyo. Dibaga ya GDB ilichelewa. Toleo lake rasmi la kwanza kuijua RISC-V, 8.2, lilitoka Septemba 2018, na hata hilo liliijua prosesa tupu, isiyo na mfumo endeshi juu yake. Aliyekuwa na bodi ya Linux mezani na akataka toleo rasmi la kufuatilia programu inayokimbia humohumo, alisubiri 8.3 ya Mei 2019.

Kuchelewa huko kunaeleweka ukiitazama kazi yenyewe. Kompaila huandika inachokijua, kwa mpangilio wake. Dibaga, yaani programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine, hukabidhiwa kazi ya mwingine: msimbo uliotoka kwa kompaila ambayo haikuichagua, unaokimbia chini ya kerneli ambayo haiiongozi. Inatakiwa iusimamishe mahali popote, ieleze ulikuwa unafanya nini, kisha iuachie uendelee kana kwamba hakuna aliyeugusa. Ukisoma msimbo wa tawi la RISC-V ndani ya GDB utaona kwamba prosesa yenyewe haikuwasumbua sana waandishi. RISC-V ina rejista 32 za namba kamili, amri zenye maumbo machache yanayotabirika, na kitabu cha maelezo kinachosomeka. Jasho liliwatoka pale prosesa inapokutana na mfumo endeshi, mahali ambapo kila upande hudhani swali ni la mwenzake.

Richard Stallman alianza kuiandika GDB mwaka 1986. Tangu hapo imehamishiwa kwenye prosesa nyingi, hadi ikalazimu kila jambo linalotegemea prosesa litengwe na kuwekwa mahali pamoja, katika muundo uitwao gdbarch. Ukiufungua utakuta maswali zaidi ya mia. Rejista ni ngapi? Ipi ni kielekezi cha steki? Anwani ina biti ngapi? Amri gani huisimamisha programu? Fanksheni ikirejesha thamani, thamani hiyo hukaa wapi? Kuongeza prosesa mpya ni kuandika fanksheni ndogondogo za kuyajibu maswali hayo, na kuyaruka yale ambayo jibu la kawaida linatosha. Mtumiaji akifungua programu, GDB husoma kichwa cha faili ya ELF. Ikikuta namba 243 kwenye nafasi ya aina ya mashine, inajua ni RISC-V na inachukua majibu ya RISC-V.

Majibu hayo yamegawanywa katika faili tatu, na mgawanyo huo ndio uamuzi ninaouona bora kuliko yote katika kazi hii, ingawa waandishi wa RISC-V hawakuubuni, waliurithi. riscv-tdep.c ina mambo ya prosesa peke yake. riscv-linux-tdep.c ina mambo ya prosesa hiyo inapokuwa chini ya Linux. riscv-linux-nat.c ina namna ya kuzungumza na kerneli kupitia ptrace, na hiyo tu ndiyo inayohitaji kujengwa kwa ajili ya mashine ya RISC-V yenyewe. Ndiyo maana mwenye kompyuta ya Intel anaweza kuchukua picha ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka kwenye bodi ya RISC-V akaisoma bila bodi kuwapo. Na ndiyo maana toleo la 8.2 liliweza kutoka bila hizo mbili za mwisho na bado likawafaa waandikao programu za vidhibiti vidogo visivyo na mfumo endeshi.

Bila kituo hakuna dibaga, kwa hiyo tuanzie hapo. Ukiiambia GDB isimamishe programu kwenye mstari fulani, inatafuta anwani ya amri inayolingana na mstari huo, inahifadhi baiti zilizopo, kisha inaandika juu yake amri ya kusimamisha. Kwenye prosesa za Intel amri hiyo ni baiti moja, 0xCC, na kwa kuwa hakuna amri fupi kuliko baiti moja, huwezi kuiharibu amri ya jirani. RISC-V haitoi raha hiyo. Ina amri mbili za kusimamisha: ebreak ya baiti nne, 0x00100073, na c.ebreak ya baiti mbili, 0x9002, ambayo inatoka katika nyongeza iitwayo C, ile inayofupisha amri zinazotumika mara kwa mara. Ukiandika ile ndefu juu ya amri ya baiti mbili umefuta na kilichofuata; programu ikija kurukia hapo kutoka kwingine, itaanguka kwa kosa la dibaga. Ukiandika ile fupi kila mara uko salama, isipokuwa kwenye prosesa isiyo na C, ambako 0x9002 haina maana yoyote na prosesa itaikataa kama amri haramu.

Utajuaje basi kama prosesa ina C? Ipo rejista ya misa inayoorodhesha nyongeza herufi kwa herufi, lakini husomwa na ngazi ya juu kabisa ya mashine tu. Programu ya kawaida chini ya Linux haiifikii. Njia iliyotumika ni nyepesi na ya werevu: GDB huangalia amri iliyopo tayari mahali pale. Kama anwani haigawanyiki kwa nne, C ipo kwa hakika, kwa sababu bila C hakuna amri inayoweza kuanzia hapo. Kama inagawanyika, soma baiti ya kwanza. Biti zake mbili za chini zikiwa 11, amri si ya kufupishwa na ebreak ya baiti nne ina nafasi ya kutosha. Zikiwa kingine chochote, amri ni ya baiti mbili, na prosesa lazima inaijua C, la sivyo kompaila isingethubutu kuiandika. Hakuna rejista ya siri iliyosomwa, wala mtumiaji hakuulizwa kitu. Kwa mwenye mashaka kuna amri ya kulazimisha, set riscv use-compressed-breakpoints, lakini kwa programu za kawaida sioni sababu ya kuigusa.

Baada ya kusimama, kielekezi cha amri kiko wapi? Intel hukiacha baiti moja mbele ya 0xCC, hivyo GDB hukirudisha nyuma yenyewe. RISC-V hukiacha palepale kwenye ebreak. Jibu ni sifuri, na sifuri ndilo jibu la kawaida la gdbarch, kwa hiyo hapakuandikwa kitu. Suala la kashe nalo liliachiwa kerneli: amri ya fence.i husafisha kashe ya amri ya kiini kile kinachoiendesha tu, kwa hiyo baiti za kituo zikishaandikwa ni Linux inayohakikisha viini vingine navyo vinaziona.

Rejista ni somo la namna yake. Prosesa ni ileile na rejista ni zilezile, lakini ukiiomba kerneli ikukabidhi, kila mfumo hupanga kivyake. Linux hutoa maneno 32. La kwanza ni pc, kielekezi cha amri, kisha x1 hadi x31 kwa mfululizo. Waliopanga hivyo walicheza vizuri: rejista x0 ya RISC-V ni sifuri daima, haina haja ya kuhifadhiwa, kwa hiyo kiti chake akapewa pc. FreeBSD hupanga kwa kazi ya rejista: ra, sp, gp na tp, kisha saba za muda zikiwa pamoja, kisha kumi na mbili ambazo fanksheni hulazimika kuzihifadhi, kisha nane za hoja, halafu ndipo pc. Katika hesabu ya prosesa, zile saba za muda zimekatwa vipande viwili, x5 hadi x7 na x28 hadi x31, na zile kumi na mbili nazo zimekatwa, x8 na x9 upande mmoja, x18 hadi x27 upande wa pili.

Ndani ya GDB ramani hiyo ni jedwali: mistari miwili kwa Linux, mingi zaidi kwa FreeBSD. Ufupi wake usikudanganye. Ukisoma data ya FreeBSD kwa ramani ya Linux hupati ujumbe wowote wa kosa. Unapata namba, zote zenye sura ya namba halali, zimekaa kwenye rejista zisizo zake, na wewe mtumiaji unaanza kusaka hitilafu ndani ya programu isiyo na hitilafu.

Sasa hatua moja. Hapa ndipo tawi zima linapopata uzito wake, na kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya msimbo huu, soma hii.

Kutembea amri kwa amri kwenye Intel ni rahisi: kuna biti katika rejista ya bendera ambayo ikiwashwa prosesa huendesha amri moja na kusimama. Linux huiwasha kwa niaba yako ukiipelekea ombi la PTRACE_SINGLESTEP. RISC-V pia ina biti ya namna hiyo, lakini iko katika rejista ya dcsr, sehemu ya vifaa vya uchunguzi vinavyofikiwa kutoka nje kwa waya wa JTAG. Mwenye kebo na programu kama OpenOCD anapiga hatua bila shida. Kerneli imekaa ngazi ya kati, na ngazi hiyo haikupewa kitu cha aina hiyo. Ukiiomba Linux ya RISC-V hatua moja, haina cha kukupa. Chipu moja, bodi moja, na uwezo unatoweka kwa sababu ya upande uliouingilia. Mstari unaosajili hatua ya kutengenezwa kwa programu umewekwa katika riscv-linux-tdep.c, haumo katika faili ya prosesa, na ukijua kisa hiki unaona kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Kutengeneza hatua kwa programu maana yake ni hii: GDB husoma amri iliyopo mbele, hukokotoa itakwenda wapi, huweka kituo cha muda huko, kisha huachia programu ikimbie hadi ikifikie. Kwa amri ya kujumlisha, jibu ni anwani inayofuata. Kwa mruko wa masharti kama bne, GDB husoma rejista mbili na kuzilinganisha yenyewe, kwa kanuni ileile ya prosesa, ikizingatia kama namba zina alama ya hasi au hazina. Kwa jalr huchukua thamani ya rejista na kuongeza tofauti iliyomo ndani ya amri. Kwa ecall, mlango wa kuingilia kerneli, hutarajia programu irudi kwenye amri inayofuata, isipokuwa kama rejista a7 ina 139. Namba hiyo kwenye Linux ni rt_sigreturn, mwito wa kumaliza kushughulikia ishara, na mwito huo haurudi ulikotoka. Unakwenda pale programu ilipokuwa ishara ilipoikatiza. GDB hulazimika kuitafuta anwani hiyo kwenye steki. Angalia tena mchanganyiko ulivyo: ecall ni ya prosesa, 139 ni ya Linux.

Halafu inakuja jozi ya lr na sc. Amri ya lr husoma thamani kutoka kwenye kumbukumbu na kuweka alama ya kuishikilia nafasi hiyo. Sc huandika thamani mpya kwa sharti kwamba alama bado ipo. Ikiwa kiini kingine kimeigusa nafasi hiyo katikati, sc hushindwa, na programu hurudi mwanzo kujaribu tena. Nyuzi nyingi huweza hivyo kushirikiana bila kufuli. Weka kituo kati ya lr na sc, na umevunja kila kitu: kusimama ni kuingia kwenye kerneli, na Linux wakati wa kutoka huifuta alama hiyo kwa makusudi, isije ikamfaidisha asiyehusika. sc inashindwa. Programu inarudi kwenye lr. Unapiga hatua, unasimama katikati, alama inafutwa, sc inashindwa. Ni kama mtu anayehesabu fungu la noti na kila akifika katikati mlango unagongwa, anaanza moja. Programu haina kosa lolote, lakini ikiangaliwa haimalizi.

Dawa ni kutosimama humo. GDB ikikuta lr mbele yake, huchunguza amri zinazofuata ili kuutambua mfuatano mzima, kisha huweka kituo baada yake, na kuuruka wote kwa hatua moja. Toleo la kwanza la fanksheni hiyo lilikuwa jembamba mno. Lilitambua umbo moja tu: lr, kisha bne ya kutoka, kisha sc, kisha bne ya kurudi kwenye lr ileile, na basi. Amri nne kamili, kwa mpangilio huo. Hilo ni umbo la operesheni ya kulinganisha na kubadilisha, na kwa neno zima la biti 32 au 64 ndivyo GCC inavyoliandika. Operesheni kama kujumlisha hazina tatizo, kwa sababu RISC-V ina amri moja ya amoadd inayofanya yote.

Lakini RISC-V ya wakati huo haikuwa na amri za namna hiyo kwa baiti moja au mbili. Ukitaka kubadilisha baiti moja bila kuingiliwa, msimbo hushika neno zima kwa lr, huichonga baiti ndani yake kwa amri za and na or, kisha huandika kwa sc. Amri zimo kati ya lr na sc, bne ya kutoka huenda haipo, na umbo la amri nne halilingani. Fanksheni inajibu kwamba huu si mfuatano inaoujua, GDB inapiga hatua amri kwa amri, na tumerudi kwenye kuhesabu noti. Baadaye utambuzi huo ulibidi upanuliwe. Mimi ningeupanua tangu siku ya kwanza: maelezo rasmi ya RISC-V yanaahidi mafanikio ya mwisho kwa mizunguko isiyozidi amri 16 zilizopangwa mfululizo, kwa hiyo kulikuwa na mpaka wa wazi wa kutafutia. Kwa upande wa utetezi, aliyeandika umbo jembamba alichagua kukosea kwa upande unaoonekana. Mtumiaji anayezunguka pale pale anajua kuna tatizo. Utambuzi mpana ukikosea, kituo kinawekwa mahali ambapo programu haitapita, nayo inakukimbia.

Wapo wanaosema yote haya yangeepukika kama chipu ingeipa kerneli biti ya hatua moja. Si kweli kwa yote. ARM ya biti 64 ina hatua moja ya vifaa, na bado GDB ina msimbo wa kuruka mifuatano ya aina hii huko, kwa kuwa kusimama katikati kunavunja alama bila kujali nani aliyesimamisha. Biti hiyo ingewaokoa waandishi wa tawi hili na ukokotoaji wa bne na jalr. Lr na sc wangebaki nazo.

Kusoma steki, yaani kueleza nani alimwita nani, kulirahisishwa na majedwali ya DWARF ambayo kompaila huacha ndani ya faili. Yakikosekana, GDB husoma mwanzo wa fanksheni ikitafuta amri inayoshusha sp na zile zinazohifadhi ra. Kinachodai uangalifu ni ishara, tena kwa sababu ya mfumo endeshi. Kwenye Linux fanksheni ya kushughulikia ishara hurudi kwenye kijisehemu cha amri mbili, 0x08b00893 na 0x00000073: weka 139 kwenye a7, ingia kernelini. GDB ikizikuta namba hizo mbili, inajua iko kwenye fremu ya ishara, na rejista za zamani zimehifadhiwa umbali fulani kutoka sp. FreeBSD iliweka namba ya mwito kwenye t0 badala ya a7, hivyo amri zake ni nyingine, umbali ni mwingine, na faili ni nyingine.

Kuna kipande kimoja kidogo ninachokipenda kupita kiasi. Mtumiaji anaweza kuandika print na mwito wa fanksheni, na GDB ikaiendesha ndani ya programu iliyosimama. Ili ijue imemalizika, anwani ya kurudia hupangwa iwe mahali penye kituo, na kwenye RISC-V mahali hapo ni kwenye steki. Kumbuka sasa jinsi ukubwa wa kituo unavyoamuliwa: kwa kutazama amri iliyopo. Steki haina amri. Ina takataka za hesabu zilizopita. Kwa hiyo GDB kwanza huandika hapo nop ya baiti nne, 13 00 00 00, amri isiyofanya lolote na isiyokusudiwa kuendeshwa kamwe, ili fanksheni yake yenyewe ya kuchagua kituo ikija kutazama ikute kitu cha kueleweka. Na kwa kuwa Linux kwa kawaida hairuhusu amri kuendeshwa kwenye steki, fanksheni ikirudi hapo prosesa haifiki hata kwenye ebreak. Kerneli hutuma SIGSEGV. GDB huiona ishara hiyo, huona imetokea kwenye anwani yenye kituo chake, na kuihesabu kuwa kituo kimefikiwa.

Kupima kazi hii bila bodi kulikuwa na mtego wake. QEMU huweza kuendesha programu moja ya RISC-V juu ya Linux ya Intel, lakini kwa namna hiyo haitekelezi ptrace, kwa hiyo riscv-linux-nat.c haiguswi kabisa. Ilihitajika kuiga mashine nzima, kerneli na yote, au kupata bodi. gdbserver, yule msaidizi mdogo anayekaa kwenye bodi huku GDB yenyewe ikiwa kwenye kompyuta nyingine, aliongezewa RISC-V ya Linux katika toleo la 10, mwaka 2020.

Tawi lilipoingia Linux lilibaki na pengo moja kubwa: amri ya watch, inayosimamisha programu pale kigeu fulani kinapobadilika. Prosesa nyingi za RISC-V zina rejista za kuvizia anwani, lakini ptrace ya Linux haikuwa na njia ya kuzifikia. GDB bila vifaa hivyo hupiga hatua moja baada ya nyingine na kulinganisha thamani kila mara, na hatua moja kwenye RISC-V, kama tulivyoona, ni kusoma amri, kukokotoa, kuandika kituo, kuachia, kusubiri na kufuta. Kwenye bodi hiyohiyo, aliyechomeka kebo ya JTAG anaandika watch na vifaa vinamfanyia kazi kwa kasi kamili ya prosesa. Aliyeingia kwa ssh anaandika watch ileile na anakwenda kunywa chai.